Gitaa la Kukatia Kabichi

Sehemu ya Saba

Kwanza nawashukuru mlioniandikia barua wiki hii. Wengi wenu mmenishauri nioe. Ushauri ni mzuri, tatizo ni kumpata mtu atakayevumilia harufu ya gundi na mwanamume anayeongea na randa.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: mimi ni fundi wa magitaa. Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita, akaniachia nyumba ya vyumba vitatu. Mdogo wangu, ambaye tulikuwa naye bendi moja, aliondoka nyumbani miaka kumi na moja iliyopita na hajulikani alipo. Mara ya mwisho niliwasimulia jinsi mteja wangu wa mwisho alivyokuja kuchukua gitaa lake, akaniambia kwa upole kwamba siku hizi watu wananunua la kiwandani, likivunjika wanatupa.

Basi nyumba ikawa kimya kweli kweli.

Nilikuwa nakula nimesimama dirishani. Meza ya mama ilikuwepo sebuleni, ubao mmoja mpana wa mtiki usioungwa popote, meza ya watu sita. Lakini jaribu wewe kukaa peke yako kwenye meza ya watu sita. Kila ukiinua macho unahesabu viti.

Siku moja, kwa kukosa kazi, nilichukua kipande cha mbao nikakata kibao cha kukatia mboga chenye umbo la gitaa. Tumbo la gitaa ndipo pa kukatia, shingo ndiyo mpini. Nikakitundika dirishani nicheke nacho.

Jumatatu asubuhi nikasikia hodi.

"Fundi, hilo gitaa dirishani ni la kupiga au la kukatia mboga?"

"La kukatia, dada. Ya kupiga yameshakosa wenyewe."

Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, viatu vya jikoni visivyoteleza. Akajitambulisha kuwa ni msimamizi wa jiko katika kantini ya kiwanda, kule ng'ambo ya reli.

"Nataka kama hicho, lakini kikubwa, kabichi ikae nzima. Mpishi wangu mkuu anaondoka Ijumaa. Wamemhamishia tawi la mbali, siku mbili njiani. Tunataka kumpa kitu cha kutukumbukia."

"Anapenda muziki?"

"Anapenda? Huyo akikata kabichi za watu mia mbili, sisi wengine tunaosha sufuria kwa kufuata mapigo yake. Akiwa na huzuni hata wali unachelewa kuiva."

"Niandike jina lake mgongoni?"

"Sisi tunamwita Besi tu, kwa ile sauti yake nzito. Usiandike kitu. Alhamisi napitia."

Akaondoka haraka kama alivyokuja. Nilibaki nimesimama mlangoni nikitabasamu peke yangu, maana ilikuwa wiki ya tatu tangu mtu anibishie hodi.

Matatizo hayakuchelewa. Dukani kulikuwa na mbao nyembamba tu za kuungwa kwa gundi, na kibao cha kuungwa kikilala majini wiki moja kinaachia. Nilitaka ubao mmoja mpana. Na ubao mmoja mpana niliokuwa nao duniani ulikuwa sebuleni, umefunikwa kitambaa cha mama cha maua.

Nilizunguka ile meza siku nzima ya Jumatatu. Nilijiambia meza haina kazi tena. Jioni nikaondoa kitambaa.

Chini yake kulikuwa na alama nyeusi yenye umbo la pasi, imezama kwenye mbao. Mdogo wangu ndiye aliyeiweka akiwa na miaka tisa. Alikuwa ananyoosha shati la shule kwa pasi ya mkaa, akakumbuka wimbo, akaanza kuucheza pale pale, pasi akaisahau juu ya meza. Mama alipoona alinunua kitambaa cha maua, akafunika, na hakumwambia mtu. Tulikuwa watatu tu tuliojua kilicho chini ya kile kitambaa.

Jumanne nikakata.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa la fundi na linahitaji maelezo kidogo. Magitaa yangu yana pengo begani, pale mwili unapokutana na shingo, ili mkono ufikie nyuzi za mwisho. Mpigaji wa mkono wa kulia akilishika gitaa, pengo linakaa chini. Kigezo changu cha kuchorea nimekikata hivyo.

Ile alama ya pasi nilitaka ibaki mgongoni, mbele pawe safi. Nikaulaza ubao, alama ikiwa juu, nikachora kwa penseli. Lakini ukichorea mgongoni lazima kigezo kilale kifudifudi, kwa sababu ubao ukigeuzwa kila kitu kinahama upande. Jambo hilo nilifundishwa wiki yangu ya kwanza ya ufundi. Jumanne ile sikulikumbuka. Nilikuwa naitazama alama ya pasi.

Nikakata, nikapiga randa, nikasugua kwa msasa hadi mbao ikawa laini kama sabuni. Kwenye mpini nikachoma mistari sita ya nyuzi kwa waya wa moto. Nikapaka mafuta. Halafu, kama fundi yeyote mjinga, nikakiweka kifuani nijifanye napiga.

Pengo likanigusa kidevu.

Nikakigeuza nikashika shingo kwa mkono wa kulia. Pengo likashuka chini, likakaa mahali pake. Nilikuwa nimetengeneza gitaa la mtu wa mashoto.

Niliketi sakafuni, kwenye vumbi la meza ya mama.

Mdogo wangu alikuwa wa mashoto.

Nimewasimulia mengi humu, lakini hili nililiruka. Nilisema mdogo wangu alituacha. Sikusema kwa nini, na mkaniandikia mkimlaani, nami nikawaacha mmlaani. Leo nalitoa.

Alikuwa mpiga solo wetu. Gitaa lake nililitengeneza mimi mwenyewe kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Mwaka ule akalazwa kwa ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa, na bendi ilikuwa imealikwa kufungua ukumbi mpya Jumamosi. Tukamwazima mpigaji wa bendi nyingine, naye alikuwa wa mkono wa kulia, na hakuwa na gitaa.

Nikaligeuza gitaa la mdogo wangu.

Si kubadilisha nyuzi tu. Niling'oa daraja linaloshikilia nyuzi, nikatoboa matundu mapya, nikaziba ya zamani, nikachonga upya mifereji ya nyuzi shingoni. Nilifanya kwa siku mbili huku mwenyewe amelala hospitali na nyuzi za daktari tumboni. Sikumwuliza. Tulipiga vizuri sana usiku ule, tukashangiliwa.

Alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja ukutani, akalishusha gitaa, akaweka vidole. Akaweka tena. Halafu akaligeuza akaona matundu niliyoyaziba.

"Kaka, umeligeuza."

"Nitalirudisha wiki ijayo. Ilikuwa dharura."

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa mgonjwa!"

"Nilikuwa mgonjwa wa tumbo, kaka. Masikio yalikuwa mazima."

Akalilaza kitandani taratibu kama mtoto aliyesinzia. Jioni mkoba wake haukuwepo.

Mama aliponiuliza, nilisema nini? Nilisema ameondoka kwa majivuno. Nikaongeza chumvi: nikasema amenitamkia mwenyewe kwamba nyumba hii inamrudisha nyuma. Maneno hayo niliyatunga mimi, nimesimama mlangoni, nikimtazama mama machoni.

Mama aliumia hadi akakataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Miaka tisa hatukulitaja. Siku yake ya mwisho akauliza mara moja tu, "Hajaja?" Nikamwambia hajaja. Akageukia ukutani.

Hilo ndilo nililokuwa nimelificha. Msiniandikie tena kumlaani yule. Nilaanini mimi.

Alhamisi msimamizi akaja na karatasi ya kufungia zawadi. Nilijikaza kisabuni nikamwambia ukweli wote wa kibao, maana nilikuwa nimechoka na uongo.

"Dada, kabla hujafunga. Nimekosea. Kigezo kilinigeukia. Hili ni gitaa la mtu wa mashoto."

Akavaa miwani, akakitazama huku na huku. "Fundi, kitunguu kinajua kulia na kushoto?"

"Kitunguu hakijui. Mpiga gitaa anajua."

Akacheka hadi akashika mlango. "Basi umekosea kwa bahati. Besi mwenyewe anakatia mkono wa kushoto."

Nikaizuia karatasi yake kwa kiganja.

"Ana umri gani?"

"Arobaini na kidogo."

"Kwao wapi?"

"Hasemi. Ana miezi minne tu kwetu. Ukimwuliza kwao anaongeza moto jikoni, tunakohoa wote."

"Ana kovu tumboni, upande wa kulia?"

"We fundi!" Akarudi nyuma hatua moja. "Mimi ni bosi wake wa jikoni. Tumbo lake nimelijulia wapi?"

Nikaomba radhi. Nilijiambia watu wa mashoto wamejaa duniani, na mdogo wangu hata chai ilikuwa inamshinda, akiipika inaungua. Msimamizi akafunga kifurushi chake, akanitazama kwa huruma.

"Njoo kesho saa nane mchana, fundi. Uone kazi yako ikipigiwa makofi. Unaonekana huna pa kwenda."

Alisema kweli. Sikuwa na pa kwenda.

Ijumaa nilinyoa ndevu nikajikata mara mbili. Nikafunga mlango kwa kufuli kwa nje, kama ilivyo desturi ya mtu asiye na wa kumfungulia, nikatembea dakika ishirini hadi kiwandani. Nilipanga kusimama nyuma, kuhakikisha si yeye, na kurudi nyumbani.

Nikapita mlango wa stoo ya jiko. Kabla sijaona mtu, nikasikia kisu.

Ta-ta, tata-ta. Ta-ta, tata-ta.

Ule mwendo ulikuwa wa mkono wa mdogo wangu. Aliugonga mezani kwa kijiko tangu utoto, hadi mama akawa anamnyang'anya vijiko. Nikasimama nyuma ya magunia ya mchele.

Alikuwa amenipa mgongo. Amenenepa, nywele za pembeni zimeanza mvi, aproni imefungwa fundo nyuma. Msimamizi akapiga makofi, wapishi wote sita wakakusanyika, kisu kikanyamaza.

"Besi, hatuna hotuba. Fungua."

Akachana karatasi. Akacheka kwa ile sauti nzito, akakiweka kibao kifuani, mkono wa kulia shingoni, wa kushoto tumboni, akajifanya anapiga. Wenzake wakashangilia. Mara akaacha kucheka. Aliangalia pengo. Alikuwa ameona limekaa mahali pake.

Halafu akakigeuza.

Kidole chake kikaenda kwenye ile alama ya pasi, kikaizunguka taratibu, ncha hadi ncha.

"Nani ametengeneza hiki?"

"Fundi mwenyewe yule pale," msimamizi akasema. "Kwenye magunia."

Wote wakageuka. Sikuwa na pa kujificha.

"Kaka," akasema.

"Mdogo wangu."

Akaipapasa tena ile alama.

"Hii ni meza ya mama."

"Ndiyo."

"Na umenikatia ya mashoto."

Nikafungua mdomo niseme kigezo kiligeuka. Jumanne, pale kwenye vumbi la meza, nilikuwa nimeapa kwamba sitasema uongo tena. Lakini msimamizi, Mungu ambariki, alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaelewa kitu, akataka kusaidia.

"Alitaka iwe ya mkono wako," akadakia. "Mwenyewe aliniambia kwamba mpiga gitaa anajua kulia na kushoto."

Mdogo wangu akanitazama. "Kweli, kaka? Miaka yote hii ulikumbuka?"

Kichwa changu kikaitikia kabla sijakiruhusu.

"Na mama?" Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Amekubali meza yake ikatwe kwa ajili yangu?"

Hapa ndipo palikuwa mahali. Maneno mawili tu yalitosha: mama amefariki. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya yule mtoto wa miaka tisa, na mimi nilikuwa nimekula nimesimama dirishani kwa miaka miwili.

"Meza," nikasema, "haitumiki tena."

Neno hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilikuwa uongo mbaya kuliko yote niliyowahi kusema.

Akanikumbatia. Alinuka vitunguu na moshi. Nawaambieni bila aibu kwamba nililia, na si kwa majuto. Nililia kwa furaha. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amenishika zaidi ya kunipa mkono.

"Mpiga ngoma wetu alinikuta stendi mwaka wa tano sasa," akaninong'oneza begani. "Aliniambia mama amekataza hata jina langu. Tangu nirudi mji huu nimefika kona ya mtaa wetu mara mbili, kaka. Naona mlango, nageuka."

"Ningekuona ningekukimbilia."

"Sikujua. Nilidhani hamnitaki."

Akanifuta machozi kwa pembe ya aproni yake, halafu akaivua, akamkabidhi msimamizi.

"Bosi, niombee siku mbili kule ofisini. Leo sisafiri."

"Nitawaambia sufuria imekuangukia mguuni," msimamizi akasema, naye akipangusa miwani. "Nenda kwa mama yako."

Nikasema, "Labda tukae kwanza, tunywe chai, tuongee..."

"Chai nitainywa kwa mama. Usimpigie simu, kaka. Nataka nimshtukize."

Tukatoka. Alibeba kibao kwapani kama zamani alivyobeba gitaa. Njia nzima aliongea. Aliniuliza kama mama bado anaficha sukari kwenye kopo la chumvi. Aliniuliza kama miguu bado inamsumbua wakati wa baridi. Nikajibu, "Siku hizi hailalamikii." Kila jibu nililochagua lilikuwa kweli, na kila moja lilinifunga zaidi.

Mara tatu nilisimama nimwambie. Mara ya kwanza lori likapita. Mara ya pili akaanza kuimba. Mara ya tatu alinishika bega tukiwa tumebakiza nyumba nne, nikataka lile bega libaki limeshikwa hadi mwisho wa mtaa.

Kwenye kona akasimama. Ile kona aliyogeukia mara mbili. Akanyoosha kola ya shati, akapangusa kibao kwa kiganja, akakigeuza ile alama ya pasi ije mbele.

"Nitamwonyesha hii kwanza," akasema. "Kabla hajanigombeza. Halafu ndiyo nitamwambia samahani."

Akanitangulia. Alitembea haraka, karibu kukimbia, mwanamume mwenye mvi anayekwenda kwa mama yake. Nilimfuata, ufunguo ukinichoma mfukoni.

Akafika barazani. Akainua mkono wa kushoto abishe hodi.

Mkono ukabaki hewani.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "kama mama yumo ndani, mbona kufuli liko nje?"